Mikono ya nyuma ya gari: jinsi ya kuibadilisha nyumbani bila kuhatarisha roho

Ukipita mitaa ya Eastlands Jumapili asubuhi, kuanzia Buruburu hadi Umoja, Donholm na Kayole, hukosi kuona gari limeinuliwa kwa jeki na miguu ya mtu imetokeza chini yake. Aghalabu ni mwenye gari mwenyewe, ama fundi wa mtaani aliyeitwa kwa simu. Wengi katika hao ni watu wetu wa mwambao waliokwenda Nairobi kutafuta riziki, na gari hilo hilo ndilo litakalowaleta Pwani na watoto wao sikukuu ikifika.

Shemeji yangu anayekaa Donholm ni mmoja wao. Gari lake, Subaru Impreza, lilianza kugonga nyuma kila likivuka tuta. Fundi akamwambia anunue mikono mipya ya nyuma, akanunua, ikafungwa. Haikupita miezi minne mlio ukarudi, na tairi za nyuma zikawa zimelika upande wa ndani. Shemeji akaapa kwamba aliuziwa vifaa bandia. Tulipoivua ile mikono tukakuta chuma kizima hakina hata mkwaruzo, ila mpira uliomo kwenye matundu yake umechanika wote kwa mkao mmoja. Duka halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika dakika tano za mwisho za kazi, pale bolti zilipokazwa magurudumu yakiwa bado yananing'inia hewani.

Makala haya yanaeleza kazi hiyo tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini msomaji akisahau mengine yote, ashike mawili. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Na usikaze bolti za bushi gurudumu likiwa linaning'inia.

Mkono wa nyuma ni kitu gani

Gurudumu la nyuma halikushikiliwa na shoki na springi pekee. Hizo kazi yake ni kubeba uzito na kutuliza mrusho. Kinacholizuia gurudumu lisiende mbele, nyuma, wala kulala ubavu ni vyuma vilivyofungwa baina ya habu ya gurudumu na fremu iliyo katikati ya gari. Vyuma hivyo ndivyo mikono, na mafundi wa Nairobi huviita kontrolamu. Gari moja laweza kuwa na mikono mitatu, minne au mitano kila upande: mmoja wa juu, miwili ya chini inayokwenda ubavuni, na mmoja mrefu unaoelekea mbele.

Kila ncha ya mkono ina tundu, na ndani ya tundu mna bushi. Bushi ni mpira uliogandishwa baina ya vyuma viwili vya mviringo, cha nje na cha ndani. Bolti hupita katika kile cha ndani. Ukiikaza, chuma cha ndani hubanwa kisizunguke tena. Kwa hiyo mkono unapopanda na kushuka barabarani, kinachokubali kujipinda ni mpira peke yake. Hili tutalirudia mbele.

Je, gari lako linayo mikono hii? Si magari yote. Toyota Vitz, Fielder na Axio zinazovutwa na magurudumu ya mbele, pamoja na Honda Fit na Mazda Demio za aina hiyo, zina mhimili mmoja mpana unaounganisha magurudumu mawili ya nyuma. Huko hakuna mkono wa kubadilisha, na fundi akikuuzia kazi hiyo ujue pana jambo. Walio nayo ni wenye Subaru Impreza na Forester, Toyota Mark X na Crown, Mazda Axela, Volkswagen Golf ya kizazi cha 5 iliyotoka mwaka 2003, na magari mengi marefu kama RAV4.

Dalili za mkono uliochoka

Dalili ya kwanza ni mgongo mzito, "kdo, kdo", nyuma ya gari kwenye matuta na mashimo. Ya pili ni tairi kulika upande mmoja, hasa wa ndani. Ya tatu ndiyo ya hatari: ukiwa kwenye mwendo, ukikata kona au ukipishana na lori, unahisi nyuma ya gari inakwenda kivyake, kana kwamba kuna mtu mwingine anayeshika usukani wa nyuma.

Hii ya tatu dereva wa mjini huenda asiihisi kabisa. Kwenye foleni ya Jogoo Road gari haliendi mbio. Ataijua akiwa ameshapita Mtito Andei, buti limejaa mizigo, watoto wamelala kiti cha nyuma, na malori yanamjia mfululizo. Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni karibu kilomita 480. Huo si mwendo wa kugundulia kwamba bushi zimekwisha.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha mlio unatoka huko kweli. Vyuma vidogo vya stabilaiza na mpira wa juu wa shoki hutoa mlio unaofanana, na bei yake ni ndogo zaidi. Gari likiwa juu ya stendi, ingiza bisibisi kubwa ama mtaimbo mdogo kando ya bushi, usukume polepole. Mpira mzima husogea kidogo na kurudi. Uliokufa hucheza ovyo, au una ufa unaozunguka, au umeachana na chuma.

Mpira huzeeka hata gari likiwa limekaa. Sheria ya Kenya hairuhusu gari la mitumba kuingia nchini likiwa limezidi miaka 8, hivyo magari mengi yanayoshuka bandarini Mombasa yana umri wa miaka 6 hadi 7 siku yanapowasili. Bushi zake zimeshafanya kazi huko zilikotoka, kisha zinakutana na matuta yetu.

Kununua vifaa

Nairobi vifaa hivi hupatikana Kirinyaga Road, ambayo wengi bado wanaiita Grogan, na kwenye maduka madogo katika mitaa ya Eastlands yenyewe. Utapewa njia tatu. Ya kwanza ni mkono mpya pamoja na bushi zake. Ya pili ni mkono uliotumika, uliotolewa kwenye gari la Japani. Ya tatu ni bushi peke yake, uzipeleke kwa wenye mashine ya kubana, kama wale wa Kariobangi Light Industries, watoe za zamani na kuingiza mpya.

Kwa anayefanya kazi nyumbani, mkono mpya uliokamilika ndio unaopunguza taabu. Bushi haiingii sawa kwa nyundo. Ikipigwa, huingia imekaa upande na mpira unaumia kabla gari halijatembea. Mkono uliotumika chuma chake kwaweza kuwa kizuri, lakini mpira wake una umri ule ule wa uliotoa. Chochote unachonunua, beba cha zamani au picha yake, nunua cha pande zote mbili, nunua na nati mpya za kujifunga zenyewe, na udai risiti. Kifaa kisicho na risiti huenda kilitoka kwenye gari la jirani yako usiku wa jana.

Mahali pa kufanyia kazi

Kwanza, pasiwe barabarani. Sheria za kaunti zinakataza kufungua gari mahali pasipotengwa, ila kwa dharura, na askari wa kaunti hawakosi Jumapili. Mwombe ruhusa mwenye nyumba au mlinzi wa maegesho, na uweke boksi chini ili mafuta na kutu visichafue mahali pa watu.

Pili, pawe tambarare na pagumu. Upande wa mashariki wa Nairobi, kuelekea Embakasi na Kayole, ardhi nyingi ni ule udongo mweusi unaovimba ukinyeshewa na kupasuka ukikauka. Jeki juu ya udongo huo huzama upande mmoja bila kelele. Lazima uweke ubao mpana na mnene chini ya jeki na chini ya kila stendi. Penye saruji au mawe ya kabro ni afadhali, lakini tazama mteremko.

Vifaa vya kazi ni hivi: jeki moja imara, na ya pili ukiipata, stendi mbili za chuma, kabari nne za mbao, soketi na spana, aghalabu namba 14, 17 na 19, mpini mrefu wa kufungulia, nyundo, brashi ya waya, mafuta ya kulegeza kutu, rangi nyeupe au chaki, futi ya fundi cherehani, na spana ya kupimia nguvu ya kukaza, ambayo waweza kuazima. Na mtu wa pili awepo, hata kama kazi yake ni kushika tochi tu. Siku mambo yakienda mrama, ndiye atakayeita watu.

Matofali na mawe ya kujengea si stendi. Jiwe hubeba ukuta kwa miaka kwa sababu uzito umeenea juu yake. Likibanwa na ncha moja ya chuma hupasuka ghafla, bila kutoa onyo.

Kazi yenyewe

1. Usiku wa kuamkia siku ya kazi, piga brashi bolti zote na uzinyunyizie mafuta ya kutu. Asubuhi rudia. Gari lililokaa Mombasa miaka miwili mitatu lihesabie kutu mara mbili, maana hewa ya chumvi hugandisha bolti na chuma cha ndani ya bushi vikawa kitu kimoja. Yaliyotoka sehemu za Japani zenye theluji, ambako barabara hunyunyiziwa chumvi, nayo ni hivyo hivyo.

2. Gari likiwa limesimama chini kwa uzito wake, chukua futi, upime kutoka katikati ya gurudumu la nyuma hadi ukingo wa madigadi juu yake. Andika kipimo hicho, tuseme sentimita 38, kwa kila upande. Ni kazi ya dakika moja, na ndiyo itakayookoa bushi zako.

3. Weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Usitegemee breki ya mkono. Kwa magari mengi breki hiyo hushika magurudumu ya nyuma, na hayo ndiyo utakayoyainua. Kwa Mark X na mengine yanayosukumwa kwa nyuma, hata gia ya P hushika nyuma tu. Ukishainua, kilichobaki kulizuia gari lisibiringike ni hizo kabari.

4. Legeza nati za magurudumu kidogo, inua gari penye sehemu zilizotengwa kwa jeki, kisha weka stendi mbili na ulishushe likae juu yake. Lisukume kwa mkono kutoka ubavuni. Likitikisika juu ya stendi, anza upya. Likitulia, vua magurudumu uyalaze chini ya kingo za gari. Stendi zikiteleza, gurudumu litaacha nafasi ya kifua cha mtu.

5. Tazama springi iko wapi. Kwenye Subaru springi imezungushwa kwenye shoki, na mikono ya ubavuni hutoka bila kuigusa. Lakini kwenye Golf ile ya kizazi cha 5 na Axela za mwanzo, springi imekaa juu ya mkono wa chini wenyewe, imebanwa kwa nguvu kubwa. Ukifungua bolti ya mkono huo bila kuushikilia kwa jeki na kuushusha polepole, springi hutoka kama risasi. Kama hujawahi kufanya kazi hiyo, mkono huo mwachie mwenye gereji.

6. Tafuta bolti ya kurekebishia. Katika magari mengi, mmoja wa mikono ya chini umefungwa upande wa ndani kwa bolti yenye washa isiyokuwa duara kamili. Ukiizungusha, gurudumu hugeuka kidogo. Kabla ya kuilegeza, piga mstari wa rangi unaopita juu ya washa hadi kwenye fremu, uweze kuirudisha mahali pake.

7. Weka jeki ya pili chini ya habu, iguse tu bila kuinua. Fungua mkono mmoja kwa wakati mmoja, upande mmoja kwa wakati mmoja. Ukivua yote kwa pamoja habu itaning'inia, na itauvuta mpira wa breki na waya wa ABS.

8. Bolti ikigoma, ongeza mafuta, usubiri, utumie mpini mrefu, ujaribu kuikaza kidogo kabla ya kuilegeza. Usikubali fundi alete moto wa gesi hapo. Tangi la petroli liko hatua moja tu kutoka kwenye mikono ya nyuma, na mpira wa bushi nao huwaka. Bolti iliyogandishwa na kutu kabisa hukatwa kwenye gereji, na hilo si jambo la aibu.

9. Laza mkono wa zamani na mpya pamoja sakafuni. Urefu kutoka tundu hadi tundu uwe sawa, na mkunjo uelekee upande ule ule. Mikono ya kulia na kushoto hufanana sana, na wengi wamefunga kinyume.

10. Ingiza mkono mpya na bolti zake. Usipake grisi ya kawaida kwenye mpira, kwani huulainisha ukaoza. Ikiwa ni mgumu kuingia, maji ya sabuni yanatosha. Kaza nati kwa vidole na spana kidogo tu, kiasi cha kushika. Usikaze zaidi ya hapo.

Dakika tano za mwisho

Hapa ndipo kazi ya shemeji ilipoharibika mara ya kwanza. Gari likiwa juu ya stendi, gurudumu huning'inia chini kabisa, mbali na pale linapokaa barabarani. Ukikaza bolti hapo, chuma cha ndani cha bushi hubanwa katika mkao huo wa kuning'inia. Ukilishusha gari, mkono unapanda na mpira unajipinda. Gari limesimama halijatembea hata mita moja, na mpira umeshakamuliwa. Kila tuta linaukamua zaidi, hadi uchanike.

Mfano wake ni kanzu iliyoshonwa mvaaji akiwa ameinua mkono juu. Maadamu mkono uko juu, kanzu inamkaa vizuri. Akiushusha, kwapa zinavuta, na mshono utaachia siku yoyote. Kosa halimo katika kitambaa.

Basi chukua ile jeki iliyo chini ya habu, uinue pole pole hadi kipimo cha katikati ya habu na ukingo wa madigadi kifike kile ulichoandika, sentimita 38 katika mfano wetu. Tazama gari lisinyanyuke kutoka kwenye stendi unapofanya hivyo. Likianza kunyanyuka, simama hapo. Ukifika, kaza bolti zote kwa nguvu iliyotajwa katika kitabu cha gari lako. Kama una njia za kupandishia gari zilizo imara, waweza kurudisha magurudumu, ulipandishe hapo lisimame kwa uzito wake, kisha ukaze. Hiyo ndiyo njia bora kuliko zote.

Bushi za poliurithani na viungo vya mpira wa chuma havina sharti hili, kwani vyenyewe huzunguka. Lakini bushi nyingi zinazouzwa ni za mpira wa kawaida, nazo zinalihitaji.

Baada ya kazi

Rudisha magurudumu, shusha gari, ukaze nati zake kwa kuvuka, si kwa kuzunguka. Toyota nyingi ndogo zinataka niutoni-mita 103. Endesha polepole mtaani, pita matuta mawili matatu, rudi, ukague kila bolti tena. Baada ya siku chache kagua mara nyingine.

Kisha nenda ukapimiwe mwelekeo wa magurudumu, yote manne. Ule mstari wa rangi unakufikisha tu gereji ya vipimo kwa usalama, hautoshi kukupeleka Mombasa. Mikono mipya na vipimo vya zamani humaliza tairi mpya kabla ya mwaka kwisha.

Sisemi haya ili kuwadharau mafundi. Wengi wao ni stadi kuliko mimi, na wanajua fika bolti zikazwe vipi. Lakini mteja akisimama kichwani mwa fundi akisema "harakisha, nina safari", na bei akaikata nusu, kinachokatwa kwanza ni dakika tano za mwisho. Ukimwita fundi, mpe muda wake na malipo yake, kisha muulize swali moja kabla hajaanza: bolti utazikaza gari likiwa wapi? Akijibu kwamba litakuwa limesimama kwa uzito wake, mpe spana.

Gari la shemeji tulilifunga upya Jumamosi moja, tukachukua asubuhi nzima na sehemu ya mchana, jirani mmoja akishika tochi. Tangu hapo limekwenda Mombasa na kurudi mara tatu, na nyuma yake kimya.